Kashfa ni nini hasa? Neno, gari la maji la Hola na mafaili yenye herufi W

Gazeti la Kiswahili, la Nairobi au la Dar es Salaam, halikosi neno kashfa: kashfa ya mahindi, kashfa ya sukari, kashfa ya viwanja. Limezoeleka hadi watu hulichukua kuwa jina jingine la wizi wa mali ya umma. Lakini wizi ni wizi hata kama hakuna aliyeuona. Kashfa haianzi mpaka mtu afunue.

Asili ya neno yenyewe inasema hivyo. Limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kufunua, kuondoa kilichofunika. Kiswahili kimelipokea na kulipa sura mbili. Kuna kashfa ya maneno: "Usinikashifu mbele ya wageni," mtu humwambia mwenzake, akimaanisha usinivunjie heshima. Halafu kuna kashfa ya tendo, yaani lile jambo la aibu lenyewe likishafichuka. Sura hizi mbili hukaa pamoja kwa taabu, maana ya kwanza humtia lawamani anayesema na ya pili humtia lawamani aliyetenda. Mkubwa akishikwa pabaya hukimbilia ile ya kwanza. Hasemi "tumeiba" wala "tumeua". Husema "tunakashifiwa".

Mfano ninaoupenda kuliko yote, kama mtu anaweza kupenda kitu kama hiki, ni wa Hola.

Hola iko kando ya Mto Tana, nchi ya joto kali. Wakati wa hali ya hatari Kenya, serikali ya kikoloni iliweka huko kambi ya watu wa Mau Mau waliohesabiwa kuwa wagumu kabisa, wale waliokataa kukiri kiapo na kukataa kazi za kambini. Maofisa wa magereza wakatunga mpango wa kuwalazimisha: watolewe kwa vikundi, na atakayegoma asukumwe kwa nguvu. Tarehe 3 Machi 1959 watu 85 walipelekwa kuchimba mfereji wa kumwagilia mashamba. Askari waliwazunguka na virungu. Kufikia mwisho wa mambo, watu 11 walikuwa wamekufa.

Kesho yake Nairobi ikatoa taarifa. Ilisema watu hao walikuwa katika kundi lililokuwa likichimba mifereji, na kwamba vifo vilitokea baada ya kunywa maji ya gari la maji. Virungu havikutajwa. Aliyeiandika alikuwa na haraka, kwa sababu aliongeza kwamba gari hilo hilo lilinywewa na kikosi kizima cha kazi pamoja na walinzi wao. Msomaji yeyote aliyetulia angejiuliza: maji gani haya yanayochagua?

Mpaka hapo Hola ilikuwa mauaji. Haikuwa kashfa bado. Iligeuka kashfa pale miili ilipopimwa na hakimu aliyeendesha uchunguzi wa vifo kukuta kwamba marehemu walikufa kwa mshtuko na kuvuja damu kutokana na majeraha mengi ya kupigwa. Habari zikafika London. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959, bunge la Uingereza lilijadili Hola hadi baada ya usiku wa manane. Barbara Castle wa chama cha Labour alikuwa ameishikilia hoja hiyo kwa muda, lakini pigo lililouma zaidi lilitoka upande wa serikali yenyewe. Enoch Powell, ambaye baadaye jina lake lilikuja kuhusishwa na chuki dhidi ya wahamiaji, alisimama kuwaambia wenzake kwamba hawawezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa ajili ya Afrika na kingine kwa ajili ya nyumbani kwao.

Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo. Mkuu wa kambi alistaafishwa na mafao yake. Hapa dhana yetu inaonyesha mpaka wake: kashfa si hukumu. Inaweza kuwaka, ikatikisa bunge, ikaharakisha kufungwa kwa kambi, na bado asipatikane wa kupanda kizimbani.

Wapo wanaodhani ukubwa wa kashfa hutokana na ukubwa wa uovu. Historia ya Kenya inakataa. Mwaka 1923, huko Molo, mfanyakazi wa shamba aliyeitwa Kitosh alichapwa na mlowezi Jasper Abraham hadi akafa. Kosa lake lilikuwa kumpanda farasi wa bwana badala ya kumkokota kwa miguu. Wazungu wenzake mshtakiwa, waliokaa kuamua, hawakuona mauaji pale. Waliona kujeruhi tu, na kifungo kikawa miaka miwili. Hoja iliyojadiliwa sana ilikuwa kwamba marehemu alikuwa ametamani kufa. Weka hoja hiyo karibu na lile gari la maji uone udugu wao.

Sasa linganisha na tarehe 24 Januari 1941, Lord Erroll alipokutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake, nje kidogo ya Nairobi upande wa Karen. Alikuwa mmoja wa kundi la mabwana na mabibi waliojulikana kwa ulevi na kubadilishana wapenzi. Sir Jock Delves Broughton, mume wa mwanamke aliyekuwa na uhusiano na marehemu, alishtakiwa na kuachiwa. Kifo hicho kimoja kimeandikiwa vitabu na kutengenezewa filamu, na kila baada ya miaka michache hujitokeza mtu akidai amemjua muuaji. Na Kitosh wa Molo, nani amewahi kuuliza alizikwa wapi? Kufunuliwa nako kuna watu wake.

Kuna upande wa pili wa dhana ambao mara nyingi husahaulika: kama kashfa ni kufunua, basi kuzuia kashfa ni kazi, nayo ina mafundi wake. Mwaka 1957 mwanasheria mkuu wa Kenya ya kikoloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana Evelyn Baring kuhusu matumizi ya nguvu kambini. Ushauri wake ulikuwa kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi watende kimyakimya. Sentensi hiyo ilikaa gizani zaidi ya nusu karne.

Ilikaaje? Uhuru ulipokaribia, mwaka 1961 serikali ya Uingereza iliagiza makoloni yake kwamba zisirithishwe karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia. Mpango huo ulikuja kujulikana kama Operation Legacy. Mafaili yaligawanywa. Yale yenye siri yaligongwa muhuri wenye herufi W, nayo yaliruhusiwa kushikwa na maofisa wa asili ya Ulaya peke yao. Mengine yalisafirishwa, mengine yalichomwa. Maagizo ya kuchoma yalitaka karatasi zigeuke majivu na majivu yenyewe yavurugwe. Palipokuwa hapafai moshi, karatasi zingeweza kufungwa katika masanduku mazito na kuzamishwa kwenye maji ya kina kirefu yasiyo na mkondo, mbali na pwani.

Waandishi wetu wa habari husema "kuibua kashfa", na mara chache hufikiri kwamba kuibua ni kitenzi cha maji: kukitoa juu kilichozama. Hapa hakihitaji hata kuwa tamathali.

Yaliyosafirishwa yalipatikana. Mwaka 2009 wazee waliopitia kambi za Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London, na katika kusukumana huko mahakamani ikakubaliwa mwaka 2011 kwamba mafaili ya Kenya yapatayo 1,500 yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, jengo la serikali lenye ulinzi huko Uingereza, pamoja na maelfu mengine ya makoloni mbalimbali. Mmoja wa walalamikaji, Wambugu wa Nyingi, alikuwepo Hola siku ile. Alipigwa mpaka akazimia, akalazwa na maiti akidhaniwa naye amekufa. Alikuwa amesimulia hivyo maisha yake yote. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alisimama bungeni, akasema serikali yake inajutia kwa dhati, na akatangaza malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya watu 5,228. Ukigawanya, ni chini ya pauni 4,000 kwa kila mtu. Kuwajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni, serikali hiyo iliendelea kukukana.

Fundi wa kufukia hakuondoka na bendera. Kenya huru ilikuwa na sheria yake ya siri za serikali, iliyofuata mfano wa Kiingereza, na mwaka 1993 ikamwangukia kijana wa Benki Kuu aliyeitwa David Munyakei. Kazi yake ilimpitishia mezani karatasi za malipo ya kampuni ya Goldenberg, iliyokuwa ikilipwa na serikali fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi iliyodai kuuza nje. Kenya haichimbi almasi, na dhahabu yake ni haba. Munyakei alizikusanya karatasi zile, zikawafikia wabunge wa upinzani, na nchi ikajua.

Polisi walimkamata yeye kwanza. Mashtaka yaliondolewa baadaye, lakini kazi hakurudishiwa, naye akahamia Mombasa kutafuta riziki. Tume ya kuchunguza Goldenberg iliundwa mwaka 2003, miaka kumi baada ya yeye kukamatwa. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimpa tuzo. Alifariki mwaka 2006, fukara.