Mafuta Yaliyokwisha Hayafufuliwi kwa Kuongezwa Mapya

Malalamiko kuhusu samaki na chipsi zinazokaangwa kwa mafuta meusi yanazidi kufika kwa maafisa wa afya ya umma hapa Kisumu. Tunajua wauzaji wengi wana nia njema na wanabana matumizi kwa sababu mafuta ni ghali. Hata hivyo, mafuta yanayotunzwa hudumu zaidi, na chakula hakitoki kikidondoka mafuta.

Adui mkubwa ni maji. Ngege akitoka kuoshwa na kutupwa karaini papo hapo, joto hushuka ghafla. Badala ya kukaangika, huchemka, hunywa mafuta na kushika chini. Mpasue mbavuni, mpake chumvi, mpange kwenye wavu kivulini pasipo nzi mpaka maji yachuruzike, kisha mpanguse kwa kitambaa safi. Mgongo wazi wa mbuta, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, ukaushwe vivyo hivyo, hata zaidi, maana nyama iliyobaki kati ya miiba hushika maji. Chumvi ibaki kwa samaki. Usiimwage kwenye mafuta.

Viazi vilivyokatwa visuuzwe mpaka maji yasiwe na wanga, vikaushwe, kisha vikaangwe mara mbili: kwanza nyuzi 150 mpaka vilainike bila kubadilika rangi, vipoe, halafu nyuzi 175 mpaka viwe vya dhahabu. Vikikolea kahawia, akrilamaidi, kemikali yenye madhara inayotokea viazi vikikaangwa sana, huongezeka, nayo si kitu cha kumlisha mteja.

Samaki hukaangika vizuri kati ya nyuzi 170 na 180. Kama huna themometa, tupia kipande kidogo cha mkate: kikichukua karibu dakika moja kuwa kahawia, joto linatosha. Mafuta yasizidi nusu ya karai, na kwa kila kilo ya chakula yawe kama kilo sita. Ukijaza samaki wengi kwa pamoja, umerudi kwenye kuchemsha. Wateja wakipungua, punguza makaa. Joto na hewa huyachakaza mafuta hata pasipo chakula ndani.

Jioni, yaache yapoe, yachuje kwa kitambaa, uyatie kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jua. Makombo yakilala humo, kesho yataungua na kuyatia uchungu. Ya samaki yasikaange mandazi.

Yakitoa moshi kabla ya kuweka chakula, yakiwa mazito, yakinuka, au yakitoa povu lisilopasuka, yamekwisha. Hapa ndipo tunapokosana na wauzaji. Kuongeza lita moja mpya juu yake ni kuiharibu hiyo lita. Kitunguu na limau havisafishi mafuta. Huficha harufu tu. Tumelisema hili mara nyingi, na bado tunayakuta yale yale karaini.

Kuhusu ukaguzi: Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inamruhusu afisa aliyeidhinishwa kuingia mahali pa biashara kwa saa zinazofaa, kukagua, kuchukua sampuli na kuzuia bidhaa anayoshuku. Sampuli hupelekwa kupimwa maabara. Kumzuia afisa ni kosa peke yake, hata kama mafuta yako ni safi, na mahakama ndiyo inayoamua adhabu. Wakati huohuo utaulizwa leseni na cheti cha afya cha kila anayeshika chakula, ambacho hufanywa upya kila miezi 6.

Mafuta ya mtungi usio na lebo yasinunuliwe hata yakiuzwa nusu bei. Huenda ni ya transfoma, mitambo ya umeme. Mafuta hayo hayakutengenezwa kwa chakula, na ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na kemikali zenye sumu ziitwazo PCB. Eti hayaishi upesi karaini: hilo halimsaidii anayekula.

Mafuta yaliyokwisha yasimwagwe mtaroni, maana huganda na kuziba. Yapoe, yatiwe kwenye chupa yenye kifuniko, yatupwe pamoja na taka. Na karai likishika moto, funika kwa kifuniko cha chuma na uondoe makaa ikiwa unaweza kufanya hivyo bila kuungua. Usimwagie maji kamwe.