Je, wajua? Daftari la simu husema mengi bila sauti

Mjomba wangu wa Masasi akitaja bei ya korosho kwenye simu hushusha sauti. "Wanarekodi hao." Nami kwa miaka niliamini hivyo: kila maongezi yamelala mahali kwenye mtambo, yanamsubiri askari.

Sivyo. Kunasa sauti simu ikiwa hewani kunawezekana, ila ni kazi nyingine. Kinachowekwa siku zote ni rekodi: namba iliyopiga, iliyopigiwa, saa, dakika zilizotumika, na mnara uliobeba simu. Kampuni inaihitaji hata kwa kukata salio tu.

Nikashusha pumzi. Hapo nikakosea mara ya pili.

Chukua daftari la ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima: jina, tarehe, kilo. Likalie kwa misimu mitatu, bila kuonja korosho hata moja, utajua nani shamba lake limekubali, nani ameacha kuleta tangu afiwe, na akina nani huja siku moja kwa trekta moja. Simu ni hivyo hivyo. Namba imepiga zahanati Jumatatu, Hospitali ya Ligula mjini Mtwara Jumanne, kisha ndugu saba mfululizo usiku wa manane. Maneno ya nini tena?

Mahakama ya Ulaya kule Luxembourg iliona hivyo hivyo tarehe 8 Aprili 2014, ilipofuta agizo la Umoja wa Ulaya la 2006 lililotaka rekodi za simu za watu wote zitunzwe kuanzia miezi 6 hadi miaka 2. Kwetu Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuamuru data itolewe kwa upelelezi. Mahakama huombwa pale amri inapokwama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeleta Tume ya kusimamia ulinzi huo, lakini upelelezi wa makosa umeachiwa mlango.

Tusilitukuze daftari kupita kiasi, hata hivyo. Mnara hauonyeshi nyumba. Mnara wa GSM, yaani wa simu za 2G, waweza kufika kilomita 35, na huko vijijini mmoja hubeba vitongoji kadhaa. Tena rekodi inaijua laini, haimjui aliyeishika. Laini ya mjomba imesajiliwa kwa alama za vidole za mwanawe aliyeko Dar. Kwa hiyo kwenye daftari, anayenong'ona bei ya korosho alfajiri kutoka Masasi ni kijana ambaye saa hiyo amelala Mbagala.