Kurt Cobain: ya vijiweni na yaliyotokea

"Mtoto wa Seattle huyo." Siyo. Kurt, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Nirvana, alizaliwa tarehe 20 Februari 1967 huko Aberdeen, mji wa wakata magogo katika jimbo la Washington, na ndiko yeye na mpiga besi Krist Novoselic walikoanzisha bendi hiyo mwaka 1987. Alipohamia Seattle, dunia ilikwishamjua.

"Alilala maskini, akaamka tajiri." Hii ndiyo inayonikera zaidi. Albamu ya kwanza, Bleach (1989), ilirekodiwa kwa dola 606.17, tena pesa za Jason Everman, ambaye jina lake liliwekwa kwenye jalada kama mpiga gitaa ingawa hakupiga hata nota moja. Wapiga dramu walikuja na kuondoka. Dave Grohl, ambaye wengi humdhani mwanzilishi, aliingia 1990. Albamu ya pili, Nevermind, ilitoka Septemba 1991, na Januari 1992 ikamng'oa Michael Jackson na Dangerous yake kwenye namba moja Marekani. Watu wanahesabu miezi hiyo minne, ile miaka minne ya kubeba vyombo hawaihesabu.

Jina la Smells Like Teen Spirit, wimbo uliovuma wa Nevermind, nalo hufasiriwa kama wito wa mapinduzi. Hata Kurt alidhani hivyo! Rafiki yake Kathleen Hanna alimwandikia ukutani kwamba ananuka Teen Spirit, ambayo ni dawa ya kupaka kwapani. Alikuja kuligundua hilo wimbo ukiwa umeshatoka. Muziki wenyewe, alikiri, ni jaribio la kuwaiga bendi ya Pixies: pole pole, halafu kishindo.

Wimbo wa The Man Who Sold the World si wake. Ni wa David Bowie, wa 1970; Nirvana waliuimba New York Novemba 1993. Nimeshabishana na watu wazima juu ya hili.

Kuhusu kifo chake cha Aprili 1994, akiwa na miaka 27, polisi wa Seattle walisema alijiua, na walipolipitia faili tena 2014 hawakubadili kauli.

Imebaki ya daraja, na hii aliieneza mwenyewe: kwamba ujanani aliishi chini ya daraja la mto Wishkah, Aberdeen. Novoselic anakataa. Vijana walikuwa wakipiga soga pale, sawa, lakini mto ule hujaa na kupwa pamoja na bahari, na kingo zake ni tope tupu. Angelala wapi?