Vidonda vya tumbo: maharage yanasingiziwa

Mwambie mtu una vidonda vya tumbo, hujamaliza sentensi ameshaanza kukukataza: maharage acha, pilipili acha, ndimu usiguse, na mawazo punguza. Nia ni njema. Ila visababishi viwili vikubwa vya ugonjwa huu havimo kabisa kwenye orodha hiyo.

"Ni njaa na mawazo tu."

Hata madaktari waliamini hivyo kwa miaka mingi, wakishikilia kwamba hakuna mdudu awezaye kuishi kwenye asidi ya tumbo. Mwaka 1979, Robin Warren, mwanapatholojia wa hospitali ya Royal Perth huko Australia, aliona kwa darubini bakteria waliojipinda kwenye vinyama vilivyotolewa tumboni mwa wagonjwa. Daktari kijana, Barry Marshall, akaungana naye. Walijaribu kuwaotesha bakteria hao maabara wakagonga mwamba, kwa kuwa sahani za kuoteshea zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili. Pasaka ya 1982 zikaachwa siku kadhaa, na baada ya sikukuu wakakuta wameota. Ndio hao Helicobacter pylori, ambao hutengeneza amonia ya kuzimua asidi inayowazunguka.

Wenzao hawakushawishika kwamba bakteria hao ndio wanaoleta vidonda. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao yeye mwenyewe. Siku chache baadaye akaanza kutapika na kunuka mdomo, na kipimo cha kamera kikaonyesha ukuta wa tumbo umevimba. Wasimuliaji hupenda kuongeza chumvi kwamba alipata vidonda. Hakupata, na uvimbe ule ulitosha kuwa hoja. Tuzo ya Nobel waliipata 2005.

"Pilipili na maharage ndivyo vinavyochimba."

Pilipili humwasha ambaye tayari ana kidonda, maharage humjaza gesi. Chakula kinachokusumbua kiache, lakini kukiacha si tiba. Ningekuwa mimi ningechungulia kwanza mfuko wa dawa za maumivu: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, zile anazomeza bibi mwenye magoti kila jioni bila kuandikiwa na mtu. Hizo hudhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo, na zinaweza kuleta vidonda hata pasipo bakteria.

"Maziwa yanatibu."

Yanatuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo linamwaga asidi zaidi.

"Nimepimwa damu, bakteria bado ninao."

Hapa watu wengi wanapoteza fedha. Kipimo cha damu huonyesha kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya bakteria, nazo hubaki mwilini miezi mingi baada ya bakteria kufa. Ukitaka kujua kama umepona, kipimo cha choo au cha pumzi ndicho cha kuaminika, angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, na omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, iwe imesimamishwa wiki mbili kabla kwa ushauri wa daktari. Isitoshe, watu wengi sana wamebeba bakteria hawa tangu utotoni na hawatapata kidonda maisha yao yote.

"Havitibiki, utaishi navyo."

Vinatibika. Kwa vile vya bakteria hutolewa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, aghalabu kwa siku 14. Shida ni kwamba maumivu hutulia mapema, mtu anaweka vidonge kabatini, na bakteria waliobaki wanakuwa sugu.

Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukitapika damu, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali usiku huohuo.