Usikope msingi, kopa kumalizia

Wiki iliyopita alinijia mama mmoja na daftari lake. Ni mwalimu, amebakiza miaka saba astaafu. Ana kiwanja Mbezi na anataka kukopa milioni 60 ajenge nyumba sita ndogo za kupangisha kwenye jengo moja, kila moja chumba, sebule, jiko na choo ndani. "Wapangaji wenyewe ndio watakaolipa mkopo," akaniambia.

Nasimamia nyumba za watu Dar es Salaam mwaka wa kumi na moja huu, na maneno hayo nikiyasikia huwa nashtuka. Tukakaa, tukapiga hesabu.

Nyumba sita kwa 150,000 kila moja ni 900,000 kwa mwezi. Mkopo wa milioni 60 kwa riba ya asilimia 17, ukiulipa kwa miaka mitano, rejesho lake ni kama 1,490,000 kila mwezi. Hapo nyumba zote zimejaa na hakuna bomba lililopasuka. Akauliza, je, wa muda mrefu? Hata angepata wa miaka 20, rejesho linashuka mpaka 880,000 hivi. Pango lote linaishia benki, na bati likivuja anachomoa kwenye mshahara. Akistaafu, atachomoa kwenye pensheni.

Na hiyo 900,000 si yake yote. Kwa nyumba ninazosimamia, kila moja hukaa wazi karibu mwezi mmoja kwa mwaka, mpangaji akitoka na mwingine hajapatikana. Toa 900,000 kwenye pango la mwaka, ambalo ni milioni 10.8. Matengenezo ya mwaka mzima kwa jengo kama lile huwa natenga milioni moja. Kisha kodi ya zuio, yaani kodi ya serikali ya asilimia 10 kwenye mapato ya pango, ambayo huhesabiwa kwenye pango lenyewe kabla hujatoa gharama yoyote. Tulipomaliza kutoa, ilibaki kama 660,000 kwa mwezi. Mama alinyamaza, akazirudia namba zile mwenyewe kwa kalamu.

Nikamwambia ninachomwambia kila mteja: msingi usiukope. Msingi, kuta, lenta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) mpaka kupaua, jenga kwa mfuko wako, kwa kikoba au kwa mazao ya shamba, hata ikuchukue miaka mitatu. Mkopo uje mwishoni, kwenye plasta, milango, vigae na umeme, kwa sababu pesa ya kumalizia huanza kurudi baada ya wiki chache tu: fundi akitoka, mpangaji anaingia. Mama akitenga nusu ya ile 660,000 kwa ajili ya rejesho, mkopo anaoumudu kwa miaka mitano ni kama milioni 13. Ni mbali sana na 60, lakini huo analala nao usingizi.

Nina mteja aliyefanya kinyume. Alichukua mkopo wa mshahara wa miaka mitatu, akaumaliza wote jengo likiwa kwenye lenta. Miaka mitatu mizima alikatwa kwa ajili ya kuta zilizoota majani. Nilipofika mara ya kwanza, nondo zilizochomoza kwenye nguzo zilikuwa zimekula kutu kiasi cha kumeguka mkononi. Iliniuma sana, maana yule si mtu mvivu wala mbadhirifu. Hakuna tu aliyemkalisha chini mapema.

Upande wa usimamizi, kosa ninalokutana nalo zaidi ni la pango la miezi sita. Mpangaji analipa 900,000 mara moja, na mwenye nyumba anaiona ni pesa ya leo. Si ya leo. Igawe kwa sita, na kila mwezi uchukue sehemu yake tu, nyingine ikae akaunti ya pembeni. Rejesho la benki linakuja kila mwezi, ilhali mpangaji anakuja mara mbili kwa mwaka.

Umeme nao ni chanzo cha ugomvi mwingi. Wapangaji sita kwenye LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla), mmoja ana friji, mwingine ana taa mbili, hawawezi kuelewana hata wawe ndugu. Weka submita, yaani mita ndogo ya kupimia matumizi, kila nyumba tangu mwanzo. Tena kumbuka kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo kwenye LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme. Andika kwenye mkataba kwamba utamrudishia au utaipunguza kwenye pango. Ni pesa ndogo, ila mpangaji anaona kama unamheshimu au la.

Siku ya kukabidhi funguo, zungukeni pamoja, mpige picha kila chumba, bomba na mlango, muandike namba ya mita, nyote mtie sahihi. Dakika ishirini hizo zimeniokoa mara nyingi mno.

Mama alipokuwa anafunga daftari akauliza: kama ni hivyo, baada ya kupaua aanze kumalizia nyumba zipi? Nikamwambia mbili za upande wa karo la maji taka na mita ya maji, ili mabomba yawe mafupi, na pango la hizo mbili limsaidie kununua milango ya nyumba ya tatu.