Wavuti 2.0, toleo ambalo halikuwahi kutolewa

Nambari ina hila yake. Ukiona 2.0 mwishoni mwa jina, akili inakimbilia kwenye programu: toleo la kwanza lilikuwa na kasoro, wataalamu wakalirekebisha, wakatoa la pili. Neno "Wavuti 2.0", yaani wavuti ambayo watumiaji wenyewe huichangia badala ya kuisoma tu, lilipovuma, wengi walidhani hivyo hivyo.

Dhana: Kuna siku wavuti ilipandishwa toleo.

Haipo siku hiyo. HTTP (kanuni za kusafirisha kurasa) na HTML (lugha ya kuziandika) zilizobeba kurasa za zamani ndizo zilizobeba na hizo mpya. Jina lilipata umaarufu kupitia mkutano ulioandaliwa na O'Reilly Media, wachapishaji wa vitabu vya teknolojia, na kampuni ya MediaLive huko San Francisco, Oktoba 2004. Kampuni nyingi za mtandaoni zilikuwa zimeanguka miaka michache nyuma, na waandaaji walitaka kuonyesha kwamba wavuti yenyewe haikufa nazo. Hiyo 2.0 ilikuwa kama kusema "duru ya pili".

Kinachochekesha ni kwamba Tim O'Reilly, mwanzilishi wa O'Reilly Media, alipolifafanua neno hilo katika makala yake ndefu ya Septemba 2005, mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba zama za kutoa programu toleo kwa toleo zimekwisha. Huduma ya mtandaoni hurekebishwa kila mara, mtumiaji hana habari. Wazo la kuachana na matoleo likabebeshwa jina lenye nambari ya toleo!

Dhana: O'Reilly ndiye aliyelibuni.

Mwandishi Darcy DiNucci alikwisha kulitumia mwaka 1999 katika jarida la Print. Ila yeye alikuwa na lake: wavuti itatoka kwenye kompyuta iingie kwenye runinga, dashibodi ya gari, simu, pengine hata oveni ya maikrowevu. Kwangu mimi, huo ndio utabiri uliotimia vizuri zaidi, ingawa leo hakuna anayeuita Wavuti 2.0.

Dhana: Wavuti 2.0 ni Ajax tu, yaani ufundi wa kubadilisha sehemu ya ukurasa bila kuupakia wote upya.

Hili lina chanzo chake. Kumbuka ramani za mtandaoni zilivyokuwa. Ukitaka kuona mtaa wa upande wa kulia, unabofya mshale, ukurasa mzima unageuka mweupe, unasubiri, kisha unarudi na kila kitu kimepakiwa upya, nembo, menyu na matangazo, kwa ajili ya kipande kimoja cha ramani. Google Maps ikaja Februari 2005: unaikamata ramani kwa kipanya, unaivuta, na vipande vinavyokosekana vinaombwa kwa seva chinichini huku sehemu nyingine za ukurasa zimetulia. Mwezi huo huo mbunifu wa tovuti Jesse James Garrett akaupa ufundi wa namna hiyo jina, Ajax. Majina mawili mapya kwa mpigo, watu wakayachanganya.

Lakini XMLHttpRequest, kiungo kikuu cha Ajax kinachoomba data kwa seva chinichini, ina mizizi katika Internet Explorer 5, kivinjari cha Microsoft cha mwaka 1999. Na Wikipedia, ambayo kila mtu aliitaja kama kielelezo cha Wavuti 2.0, ilianza 2001 kwa fomu ya kawaida kabisa: unaandika, unabofya kitufe cha kuhifadhi, ukurasa unapakiwa upya.

Dhana: Hapo ndipo watumiaji walipoanza kuchangia.

Kivinjari cha kwanza, alichokiunda Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, mwaka 1990, kilikuwa pia kihariri: ukurasa uliousoma ungeweza kuuandika humo humo. Wiki ya kwanza, yaani tovuti ambayo wasomaji wanaweza kuihariri, ni ya mtayarishaji programu Ward Cunningham, ya 1995. Si ajabu kwamba Berners-Lee alipoulizwa kuhusu Wavuti 2.0 mwaka 2006, alilipuuza kama neno la kitaalamu lisilojulikana hata maana yake.

Dhana: Wavuti 3.0 na Web3 ni kitu kimoja.

Mwaka 2006, Wavuti 3.0 ilitajwa kumaanisha wavuti ambayo data zake zimepangwa hata kompyuta zikaelewa zinahusu nini. Web3 ni neno la Gavin Wood, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, mfumo wa sarafu ya kidijitali, la mwaka 2014, na limejengwa juu ya teknolojia ya sarafu za kidijitali: daftari la miamala ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi, bila msimamizi mmoja. Akiwa Lisbon mwaka 2022, Berners-Lee alisema kwamba Web3 si wavuti kabisa.