Je, wajua? Wawindaji wawili wakigombea mnyama mmoja, nyama huwa ya nani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1800, katika kisiwa cha Long Island, jimbo la New York, Lodowick Post alitoka na mbwa wake kusaka mbweha. Mbwa wakamkurupusha mmoja, wakamtimua ufuoni, Post nyuma yao. Mara akatokea Jesse Pierson, akamuua na kumbeba. Pierson alikuwa anaona kabisa kwamba mwenzake yumo mbioni. Ila ufuo ule, kwa maelezo ya kesi yenyewe, ulikuwa ardhi tupu isiyo na mwenyewe.

Post akashtaki, akashinda. Pierson hakukubali, akapeleka shauri juu, na mwaka 1805 Mahakama Kuu ya New York ikampa haki yeye.

Ugumu wa shauri hilo ni huu: ng'ombe ana zizi, ana alama, ana majirani wa kumtolea ushahidi. Mnyama wa porini hana mwenyewe mpaka apatikane. Sasa amepatikana lini? Ulipomwona? Ulipomkurupusha? Ulipomjeruhi?

Jaji Daniel Tompkins alisema kumfukuza hakutoshi. Ni lazima umtie jeraha la kufa, au umnase asiweze kuponyoka. Alichokitaka ni amani: kila aliyemwona au kumkimbiza mnyama akiruhusiwa kumdai, ugomvi hautaisha. Mwenzake, Brockholst Livingston, alipinga. Nani atatoka alfajiri, ashinde na mbwa wake kwenye baridi kutwa nzima, ikiwa mtu asiyetoa jasho anaweza kuchomoza jioni akaondoka na windo? Akaongeza kwamba shauri la namna hiyo lingeachiwa wasasi wenyewe waliamue.

Kwa hilo la mwisho niko upande wa Livingston, kwa sababu wasasi wamekuwa wakiliamua tangu zamani, na kila mahali wameangalia kwanza tabia ya mnyama wao. Wawindaji wa nyangumi wa Provincetown, Massachusetts, walikuwa na aina moja yenye mbio mno, isiyofaa kufungwa kwa chusa na kamba. Waliipiga kwa chusa chenye baruti. Nyangumi akifa huzama, huibuka baada ya siku moja hadi tatu, na huenda maji yameshampeleka mbali. Desturi ikawa hivi: kila chombo kitie alama yake kwenye chusa, na atakayeokota mzoga apeleke habari Provincetown, alipwe ujira wake mdogo. Mwaka 1880 mwokotaji mmoja wa Brewster, maili 17 kutoka alikopigwa nyangumi, hakupeleka habari. Akamuuza kwa mnada. Mwaka uliofuata mahakama ikaamua nyangumi ni wa aliyempiga, kwani desturi ile ikivunjwa hakuna atakayeendelea na kazi hiyo.

Kwa baadhi ya Inuit, wenyeji wa nchi za barafu za Aktiki, dubu ni wa aliyemwona kwanza, hata akiuawa na mwingine.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema wanyama hao ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Uwindaji wa kitalii umegawanyiwa vitalu, kila kampuni na chake, hivyo si rahisi wageni wa kampuni mbili kukutana juu ya nyati mmoja. Na mnyama akijeruhiwa akatokomea, hulipiwa kama aliyeuawa.

Jawabu linalonigusa kuliko yote ni la Wasan, wawindaji wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika. Mishale yao hupakwa sumu ya funza wa mbawakawa, sumu inayoua polepole. Tandala akichomwa leo anaweza kuanguka kesho, mbali sana, na wasasi hufuata nyayo muda wote huo. Nyama ni ya mwenye mshale wa kwanza uliozama ukaingiza sumu. Mwenye mshale, si aliyevuta upinde! Mishale huazimwa na kupeanwa zawadi, hata podo la mtu mmoja likawa na mishale ya watu kadhaa. Na kuwa mwenye nyama si kujilimbikizia. Ni kubeba mzigo wa kuigawa kambi nzima, na kulaumiwa fungu la mtu likipungua. Ndiyo maana msasi hodari, aliyekwisha kuangusha wanyama wengi, anaweza kwa makusudi kuchomoa podoni mwake mshale wa mwingine, akaurusha huo.

Basi hutokea mzee ambaye miguu yake haiwezi tena safari, au mwanamke ambaye hakutoka kambini, akaletewa habari kwamba tandala ameanguka na mshale ni wake. Wote humgeukia yeye, wakisubiri aanze kugawa.